Shajara ya mradi: ndege wa hori ya Mida kutoka usawa wa tope

11 Januari 2025. Ninachotafuta

Lengo ni moja: picha za ndege wa pwani zilizopigwa kutoka kimo cha macho yao, hapa hori ya Mida, kusini ya Watamu, kisha zisafishwe kwenye kompyuta mpaka zifae kuchapishwa kwa karatasi kubwa. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye ufuo wake, awe Lamu, Tanga, Bagamoyo au Kilwa, anakili kilichofaa na asitoe fedha kwa kilichoshindikana. Gharama ni kwa shilingi za Kenya. Kamera na lenzi nilikuwa nazo, sizihesabu: kamera ya mtumba ya pikseli 6000 kwa 4000 yenye sensa ndogo (kile kipande kinachopokea mwanga), na lenzi ya milimita 150 hadi 600 yenye uzito wa karibu kilo mbili.

Kwa nini chini? Picha nyingi za ndege wa Mida hupigwa kutoka kwenye daraja la mbao linalopita kwenye mikoko, au mpigaji akiwa amesimama ukingoni. Kinachoonekana ni mgongo wa ndege, na nyuma yake tope tupu lenye kila shimo la kaa. Jicho la mtazamaji halijui litue wapi. Na huyu kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, *Calidris ferruginea*, ameanguliwa kwenye Aktiki ya Siberia akaja kula tope letu tangu Agosti mpaka Aprili. Anastahili kutazamwa usoni.

Hori yote imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa 1968, kwa hiyo nimelipa kiingilio na kuwaeleza vijana wanaotembeza wageni pale nitakachofanya na mahali nitakapolala. Anzeni na hilo. Mtu aliyelala kifudifudi matopeni amejifunika kanga akionekana ghafla, watu hudhani amepatwa na jambo.

19 Januari. Sinia la kamera

Stendi ya kawaida haishuki chini ya sentimita 40 na miguu yake inazama kwenye tope. Kinachohitajika ni kitu bapa chenye kingo zilizoinuka, kinachoteleza kikisukumwa. Sinia la alumini la kulia wali, la kipenyo cha sentimita 45, linafaa kabisa. Unatoboa tundu katikati, unapitisha bolti kutoka chini, na juu yake unafunga kichwa cha stendi kinachozunguka. Kingo ndizo siri yake: niliwahi kujaribu kipande cha ubao bapa na kila nikikisukuma kilichota tope kwa mbele mpaka kikasimama.

Kazi yote ilikwama kwenye bolti. Tundu la chini la kichwa cha stendi ni la inchi 3/8, na maduka mengi ya hadiwea siku hizi yana bolti za milimita tu. Bolti ya M10 inafanana nayo kwa macho lakini ni nene kidogo, haiingii. Hatari zaidi ni lile tundu dogo la chini ya kamera yenyewe, la inchi 1/4. Bolti ya M6 inaingia kwa ulegevu, inashika mizunguko miwili mitatu, kisha inakula nyuzi, kwa sababu nyuzi zake zimeachana milimita 1 na za robo inchi zimeachana milimita 1.27. Ukiikaza kwa nguvu umeharibu kamera. Dawa ni kwenda dukani na kichwa chenyewe mkononi. Mimi niliipata kwa fundi wa mashine za zamani, bolti ya Whitworth (kipimo cha zamani cha Kiingereza) ya inchi 3/8, ambayo ina nyuzi 16 kwa inchi sawa na ya stendi. Pembe ya nyuzi inatofautiana kidogo lakini kwa mzigo huu inashika vizuri.

Alumini ya sinia ni nyembamba na kilo tatu za kamera na lenzi ziliibonyeza mara moja. Nikaweka kipande cha mviringo cha plaiwudi ya milimita 12 ndani ya sinia, washa pana juu na chini, na silikoni kuzunguka bolti ili maji yasipande.

Gharama: sinia 550, bolti na washa 90, plaiwudi bure kutoka mabaki ya seremala, silikoni 350, kichwa cha stendi cha mtumba 3,500.

1 Februari. Chini, na hesabu ya mandhari ya nyuma

Leo nimelala. Kitovu cha lenzi juu ya sinia kiko kama sentimita 20 kutoka kwenye tope, na tofauti ilionekana tangu picha ya kwanza. Nimekaa nikaipigia hesabu ili nijue sababu.

Chukua kitwitwi ambaye utosi wake uko sentimita 15 kutoka chini, mita 10 mbele yako. Ukimpiga picha umesimama, lenzi ikiwa mita 1.5, mstari unaopita juu ya kichwa chake unagonga tope mita 1.1 tu nyuma yake. Maana yake mandhari yote iliyo nyuma ya mwili wake ni tope lililo karibu naye, na lenzi italionyesha. Lenzi ikishuka mpaka sentimita 20, mstari ule ule unagonga tope mita 30 nyuma ya ndege. Kwa umbali huo, kwenye milimita 600, kila kitu kinakuwa rangi laini tupu. Hakuna programu iliyofanya hivyo, ni kimo tu.

Hesabu ya pili si ya kufurahisha. Kwa milimita 600, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa f/6.3 (namba ikipanda tundu linasinyaa), na ndege mita 10, kina cha kilicho kali ni kama sentimita 7. Kitwitwi ana urefu wa karibu sentimita 20. Akikuelekea, jicho likiwa kali, mkia haumo. Kwa hiyo nasubiri ageuke ubavu, au nafunga tundu hadi f/8 ninapata kama sentimita 9. Zaidi ya hapo ISO, kipimo cha wepesi wa sensa kudaka mwanga, inapanda na chenga, zile punje punje za picha, zinaanza.

Kilichoshindikana leo ni mwili wangu. Nililala juu ya kipande cha sponji ya godoro na baada ya muda kilikuwa kimenywa maji yote ya hori, hakibebeki. Viwiko vimekatwa na chaza waliovunjika, na mizizi ya mchu iliyochomoza wima kwenye tope haina huruma na mbavu. Marekebisho: mkeka wa mpira wa kufanyia mazoezi, usionyonya maji (900), soli za ndara za zamani zimeshonwa kwenye viwiko vya shati la mikono mirefu (bure), na nalala mbali na michu, kwenye tope wazi lililochanganyika na mchanga.

Skrini ya nyuma haionekani kabisa juani. Kanga moja juu ya kichwa na kamera inatatua hilo, na inavunja umbo la mtu pia. Chukua yenye rangi iliyofifia.

15 Februari. Picha laini, na mshitakiwa si lenzi

Bamvua (maji makubwa) la mwezi mpevu, anga jeupe, ndege wengi. Nimerudi nyumbani na picha ambazo hakuna hata moja iliyo kali. Mdomo wa ndege una kingo mbili, jicho limeyeyuka. Kwanza nilishuku fokasi, kwa sababu ukiwa chini kamera inapenda kudaka tope la mbele badala ya ndege. Nikabadilisha mpangilio nitumie nukta moja ya fokasi badala ya eneo zima, na nikahamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma ili kidole cha shata, kile kinachobonyeza kupiga picha, kisiivuruge. Mabadiliko yote mawili ni mazuri na nimeyaacha, lakini hayakuponya ugonjwa.

Jaribio lililotoa jibu ni hili, na yeyote anaweza kulifanya. Kuna vigingi vya mkoko vilivyochomekwa kwenye tope. Nilichagua kimoja kilicho kama mita 25, nikafunga fokasi juu yake isisogee, nikapiga mfululizo wa fremu kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde. Kigingi hakiendi popote. Kama lenzi au fokasi ndiyo mbovu, fremu zote zitakuwa laini kwa namna moja. Nilipozilinganisha kwenye kompyuta, ukingo wa kigingi ulikuwa umepinda kushoto kwenye fremu moja, kulia kwenye nyingine, na kwenye nyingine umevimba katikati. Ni hewa. Tope limepikwa na jua tangu asubuhi, hewa iliyoligusa inapanda ikitetema, yale yale mazigazi tunayoyaona kwenye lami mchana. Nikarudia kwa kigingi kilicho kama mita 8: fremu karibu zote kali.

Hapa ndipo kupiga picha chini kunapodai malipo yake. Mtu aliyesimama anatazama kupitia hewa hiyo kwa kipande kifupi. Aliyelala anatazama akiwa ndani ya tabaka lenye joto kuliko yote, kwa urefu wote wa umbali ule. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyohitaji kuwa karibu.

Nilijaribu kuziokoa picha za leo kwa programu ya kunoa inayotumia akili bandia. Ilichora manyoya. Manyoya mazuri, yamepangika, ila si ya ndege yule, kwa sababu kwenye faili hayakuwepo. Nimezifuta zote. Kama unapiga picha ili watu wajue ndege huyu anafananaje, usimpe manyoya ya kubuni.

1 Machi. Kusubiri badala ya kufuata

Ukaribu, basi. Kwa milimita 600 kwenye sensa hii, mita 10 mbele fremu inachukua upana wa sentimita 39, kwa hiyo kitwitwi anajaza nusu yake. Mita 25, fremu ni karibu mita moja na ndege ni moja ya tano. Na karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 4961 kwa 3508, wakati mimi nina 6000 kwa 4000 tu. Nafasi ya kupunguza kingo ni ndogo mno. Mita 10 au chini yake, hakuna njia ya mkato.

Kutambaa kuwafuata hakufai. Nimejaribu polepole kadiri mtu awezavyo. Ndege wa kwanza ananyoosha shingo, wa pili anaacha kula, wote wanaanza kutembea upande mmoja bila kukimbia. Ukiona hivyo umeshawasumbua, hata kama hawajaruka. Wana kazi ya kunenepa kabla ya safari ya Aprili, na kila wakiruka wanachoma mafuta waliyoyatafuta.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akipita na mtumbwi wake kwenye mkondo, aliniona. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, akauliza natafuta nini, kisha akasema: “Mwanangu, mbona wawafuata? Maji yatakuletea. Lala pale penye mwinuko ungojee yajae.” Alinionyesha kwa kasia ulimi wa tope ulioinuka kidogo kuliko kwingine, ambao mimi nilikuwa naupita kila nikija.

Ndivyo ilivyo. Maji yakijaa, tope la mbali linafunikwa kwanza, na ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua wakila ukingoni mwa maji. Ukiwa umeshalala juu ya ulimi ule kabla hawajafika, wanakuja wenyewe. Leo kitwitwi walinipita pande zote mbili, wengine karibu kuliko lenzi inavyoweza kufokasi. Na faida ya pili: maji yenyewe yanalifunika tope lenye moto, na mtetemo unapungua mbele ya macho yako kadiri yanavyosogea.

Kuhusu usalama, sitaki mtu alichukulie wepesi. Unalala mbele ya maji yanayojaa. Jua njia yako ya kutokea kabla hujalala, hakikisha hakuna mkondo nyuma yako utakaojaa kwanza ukakufungia, na mwachie mtu ujumbe wa saa utakayorudi. Maji yakigusa sinia naondoka, hata kama ndege yuko mbele yangu.

15 Machi. Ndege mla kaa, nyeupe juu ya nyeusi

Tuko ndani ya Ramadhani, kwa hiyo nakuja alasiri na natoka mapema niwahi futari. Leo nimempata niliyekuwa namngoja, *Dromas ardeola*, ndege mla kaa, mweupe pe na mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kisu. Wengi wa ndege hawa huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Uarabuni na Ghuba, huko Oman na jirani zake, na hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii za pwani anayelifanya. Mida ni mojawapo ya mahali pazuri kwetu pa kuwaona.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni mwanga. Kamera inapima fremu nzima, inaona tope jeusi, inaamua kuangaza, na kifua cha ndege kinaungua kikawa karatasi tupu isiyo na unyoya. Nilipunguza kipimo kwa hatua moja (nusu ya mwanga), kisha ndege akaruka upande wa maji yanayong'aa na picha zikawa giza. Kipimo cha kamera kinayumba na mandhari ya nyuma, wakati mwanga unaomwangukia ndege haujabadilika. Nikahamia mpangilio wa mkono: nimempima ndege mweupe aliyesimama juani, nikatazama histogramu (chati ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia), nikashusha mpaka ukingo wa kulia usiguse, nikaacha hapo. 1/2000, f/8, ISO 400 jua likiwa wazi. Nasahihisha tu wingu likipita.

La pili lilinichukua muda kulielewa. Kwa kitwitwi, sentimita 20 ni kimo kamili. Kwa ndege mla kaa, ambaye macho yake yako sentimita 35 au zaidi kutoka chini, mstari mweusi wa mikoko ya ng'ambo unamkata tumboni, na mgongo wake mweusi unapotelea ndani ya mikoko. Kanuni yake ni hii: kwenye tope tambarare, upeo wa macho hukata kila kilichosimama kwa kimo kile kile cha lenzi. Lenzi ikiwa sentimita 20, kila kiumbe mbele yako kinakatwa kwenye sentimita 20 zake. Kitwitwi yuko chini ya mstari huo, kwa hiyo nyuma yake ni maji matupu. Ndege mla kaa anauvuka.

Kwa hiyo “chini kabisa” si jibu la kila ndege. Lenzi inatakiwa iwe juu kidogo ya utosi wa ndege ukitaka maji nyuma yake, au umsubiri afike mahali ambapo mikoko iko mbali sana. Seremala amenichongea kigogo cha sentimita 25 cha kuweka kati ya sinia na kichwa cha stendi, kwa bolti ndefu zaidi. Jaribio la kwanza liliyumba upepo wa kaskazi ulipovuma, kwa sababu uzito sasa uko juu. Mifuko miwili ya mchanga ndani ya sinia, huku na huku, imekituliza. Kigogo 300, bolti ndefu 120.

22 Machi. Kwenye kompyuta

Natumia darktable, programu ya bure ya kusafishia picha, kwenye faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera. Hatua za kawaida sizielezi. Haya ndiyo yaliyonisumbua.

Rangi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, inaliona jua la alasiri kama kosa la kurekebishwa, na tope linageuka buluu. Nilijaribu kulifanya tope la kijivu kuwa kipimo, likashindwa, kwa sababu tope lenye maji linaakisi anga. Sasa naweka mwanga wa mchana, karibu 5300 K kwa kipimo cha rangi ya mwanga, kwa picha zote za siku moja, na nauangalia weupe wa tumbo la ndege lililo juani. Likionekana jeupe lenye joto kidogo, naacha.

Chenga na kunoa. Mpangilio ni muhimu: chenga kwanza, kunoa baadaye. Ukinoa kwanza unazinoa chenga zenyewe, na kuziondoa baada ya hapo unaondoa manyoya pia. Kunoa fremu nzima kulileta mstari mweupe kuzunguka mdomo, na mandhari ya nyuma iliyokuwa laini ikajaa punje. Sasa nachora maski kumzunguka ndege, nainoa ile sehemu peke yake kwa kipenyo kidogo, na mandhari ya nyuma inapata dawa ya chenga tu. Vile vitelezi vya kuongeza ukali wa maumbo sivigusi nje ya maski. Vinarudisha tope lote ambalo nimelala chini kulikwepa.

Usawa. Ukiwa chini, mstari wa maji unaonekana kwenye kila picha, na ukiinama hata nyuzi moja mtu anahisi maji yanamwagika. Kuunyoosha kwenye kompyuta kunakula kingo, na kingo sina. Nimewasha kipima usawa cha kamera na kukaza kichwa cha stendi upande mmoja. Hilo limemaliza kazi.

Kusafisha. Naondoa madoa ya vumbi la sensa na hata kipande cha plastiki kilichoelea pembeni mwa fremu, nikikitaja. Pete mguuni haiguswi kamwe. Kwenye picha moja, kwenye mguu wa kitwitwi, kulikuwa na kitu king'aacho ambacho programu ilikipendekeza kama doa. Ni pete ya chuma. Kwa miaka mingi ndege wa Mida wamekuwa wakivishwa pete na watafiti ili ijulikane wanakwenda wapi na wanaishi muda gani. Picha kali ya pete inaweza kusomeka namba. Nimezipitia upya picha zangu zote za miguu kwa ukubwa kamili, na zile zenye namba hata nusu nimezipeleka kwa wanaohusika na pete.

1 Aprili. Bamvua kubwa kuliko yote

Mwezi umeandama juzi na hili ni bamvua la Machi, ambalo kwa kawaida ni kubwa kwa kuwa jua liko karibu na ikweta. Nilitarajia ndege wengi karibu zaidi. Kinyume chake: maji yalijaa kwa kasi, ulimi wangu ukafunikwa jua likiwa bado juu na kali, na ndege wakahama mapema. Ndege sululu walipanda kwenye matawi ya mikoko, na kitwitwi wa aina nyingine, wenye mdomo uliopinda juu, wakawafuata. Matopeni hakubaki kitu.

Bamvua kubwa si bamvua bora. Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku huchelewa kwa robo tatu ya saa hivi. Ndani ya hori yanachelewa zaidi kuliko jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linavyosema, kwa sababu yanaingia kupitia mlango mwembamba. Kwa ufuo wa magharibi wa hori, ambapo jua la jioni linakuwa mgongoni mwako, siku nzuri ni ya pili na ya tatu baada ya kilele cha bamvua: maji yanawasogeza ndege kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, jua likiwa limeshuka. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, hayafai kabisa, ukingo unabaki mbali. Ufuo unaotazama upande mwingine utahitaji hesabu yake.

16 Aprili. Wingu, na rangi ya safari

Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, wingu zito la masika, mvua haijashuka. Mtetemo wa joto haupo kabisa. Nimepata fremu kali hata kwa umbali ambao mwezi wa pili ulikuwa bure. Mwanga wa wingu hauna kivuli kigumu chini ya tumbo, na weupe hauungui. ISO ilifika 1600, chenga zipo, zinatibika.

Ndege wamepungua, lakini waliobaki wamevaa rangi. Kitwitwi wa Siberia kifua kimekuwa chekundu kama tofali, bado na mabaka meupe ya manyoya ya zamani. Mmoja alikuja hadi mita sita, akachomoa mnyoo kwenye tope, ukanyooka, ukakatika, akasimama na kipande mdomoni huku tone la maji likining'inia kwenye ncha. Nilipiga fremu chache tu. Kamera yangu ina mlio wa shata unaosikika, na mfululizo mrefu kwa umbali huo humfanya ndege ainue kichwa. Fremu mbili mbili, kwa mapumziko, hazikumshtua.

Picha hiyo ndiyo ninayoichapisha.

3 Mei. Karatasi

Chapa ya kwanza ya A3 ilitoka giza, na wekundu wa kifua ukawa kahawia. Sababu zilikuwa mbili. Skrini yangu ilikuwa imewashwa mwanga wa juu kabisa, kwa hiyo nilikuwa naisafisha picha ikiwa nyeusi kuliko nilivyodhani. Nimeushusha mpaka ukurasa mweupe kwenye skrini ulingane kwa macho na karatasi nyeupe iliyo kando yake karibu na dirisha, kisha nikairekebisha picha upya. Sababu ya pili ni kwamba mashine ya dukani ilikuwa ikiongeza ukali wa rangi yenyewe. Niliomba wazime marekebisho hayo, wakazima. Waambie kabla ya kulipa.

Badala ya kuchapa A3 nyingine kwa kubahatisha, nilipanga vipande vitano vya sehemu ile ile ya kifua na jicho kwenye karatasi moja ya A4, kila kimoja kikiwa na mwanga tofauti kidogo. Cha nne kilikuwa sawa, nikaitumia namba hiyo kwa picha nzima. A3 mbili 1,300, A4 ya majaribio 150. Karatasi isiyong'aa imefaa kuliko inayong'aa: mandhari ya nyuma imetulia na maji hayana mng'ao wa uongo.

Nakala moja nimewapa vijana wa daraja waitundike. Sinia nimelisuuza kwa maji baridi, nikafungua kila bolti na kuipaka grisi, kwa sababu chumvi tayari imeanza kula washa za chuma. Zikipatikana za stenlesi nitabadilisha zote kabla ya Septemba, ndege wakirudi. Hatua itakayofuata ni ufuo wa mchanga wa Watamu, ambako wale kitwitwi weupe hukimbizana na mawimbi. Kule wimbi litalifikia sinia, na sijui bado kama uzito wa mifuko miwili ya mchanga utatosha kulizuia.